Shati la Shoo

Kwetu Mji wa Kale hakuna mwenye shamba. Tuna mapaa ya sakafu, tuna madebe yaliyotobolewa chini, na ndani ya madebe tuna asumini, mrehani, mpilipili mmoja au miwili, na mwenye bahati ana mndimu usiozaa. Lakini kila mwaka, joto likiwa bado halijarudi na upepo wa kusi ukianza kulegea, nyumba yetu ilizungumza habari za kilimo asubuhi na jioni. Tulibishana juu ya mahindi tusiyoyapanda na maziwa ya ng'ombe tusiowafuga. Ulikuwa msimu wa shoo. Kwenye mabango huandikwa maonyesho ya kilimo, ila sijapata kumsikia mtu wa mtaani kwetu akiyaita hivyo.

Sijui nimekwenda mara ngapi. Zimechanganyika zote kichwani zikawa shoo moja ndefu, ambayo ndani yake mimi ni mtoto na ni mtu mzima kwa wakati mmoja. Kuna boga ambalo mtoto angeweza kulala ndani yake. Kuna ngamia anayezunguka na watoto mgongoni, amechoka na dunia nzima. Kuna mahindi yaliyosimama kwa mistari, yaliyopandwa miezi kabla ili yapendeze kwa siku chache tu, na mimi natembea katikati yake naona jani, kisha mwangaza, kisha jani. Bendi inapiga mahali nisipopaona. Mkono wangu umeshikwa na mtu, na sigeuki kumtazama kwa sababu namjua. Na juu ya yote hayo imetanda harufu ya ng'ombe.

Harufu hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpeleka babangu shoo, na ndiyo iliyokuwa ikimuudhi mamangu. Nyumba yetu ilijengwa juu ya ugomvi huo, na kwa kweli ilisimama vizuri.

Babangu alikuwa Mduruma wa bara ya Kwale, ng'ambo ya Likoni, kwa watu wafugao. Miaka yote niliyomjua alifanya kazi Kilindini, karani wa mizigo, mtu wa shati lililopigwa pasi na kalamu mfukoni. Mamangu ni mwana wa Mji. Nyumba anayoishi mpaka sasa ndimo alimozaliwa, na mamake alizaliwa humo humo. Kwao mnyama ni paka. Mbuzi wanaojipitia vichochoroni wakila makaratasi wao huwahesabu kuwa majirani. Ng'ombe ni kitu cha kuingia nyumbani kikiwa kimeshakuwa nyama, kwenye kikapu, tena kimefunikwa.

Historia ya shoo niliyofundishwa mimi haimo kitabuni. Kwa masimulizi ya baba, ilianza siku ami yake alipovuka Feri na fahali mweupe, yeye baba akiwa mtoto anayefuata nyuma. Wakati huo, alisema, watu kama wao hawakuwa na lori la kubebea mifugo. Ng'ombe wa kuonyeshwa alikwenda kuonyeshwa kwa miguu yake mwenyewe. Walishuka upande wa kisiwani alfajiri, wakakipasua kisiwa chote kuelekea daraja la Nyali, njia ya uwanjani, lile la zamani lililokuwa likielea juu ya maji. Fahali akakataa kulikanyaga kwa kuwa lilitikisika. Ami akavua kilemba chake akamfunga macho, akamnong'oneza maneno sikioni, na mnyama akavuka kama anayetembea ndotoni. Baba hakuwahi kuniambia maneno hayo yalikuwa gani. Alisema tu kuwa siku hiyo ndipo alipouona mji kwa mara ya kwanza, na kwamba aliuona kutoka nyuma ya mkia.

Kwa masimulizi ya mama, shoo ilianza Biashara Street. Msimu ukikaribia wenye maduka walitoa leso mpya, maana wanawake wa Mji walikwenda shoo kama waendao harusini, na hakuna aliyetaka kuonekana na leso ya mwaka jana mbele ya ng'ombe. Mwaka mmoja, yeye akiwa mdogo, amefuatana na mamake kununua, njia ikajaa kelele. Watu wakakimbilia ndani ya maduka. Fahali mweupe akapita katikati ya barabara taratibu, na leso ya mtu inaning'inia kwenye pembe yake. Mama huapa kuwa aliiona, na hutaja hata rangi ya mji wake, pale katikati, na ya pindo zake.

Je, alikuwa ni fahali yule yule? Baba alisema ndiye hasa. Mama alisema fahali weupe ni wengi, na kuwa huyo aliyemwona yeye alikuwa akinuka. Siku hizi mimi nina duka la leso papo hapo Biashara Street, na adhuhuri wateja wakipungua hukaa nikaitazama njia mpaka nikamwona. Anapita polepole, hana haraka na mtu.

Sasa nieleze habari ya kikuba, kwa sababu bila hicho mengine hayatafahamika. Kikuba ni asumini na mrehani vilivyofungwa pamoja, kidogo tu, kitu cha mwanamke kuweka nyweleni au kubana kifuani. Mwanamume havai kikuba. Babangu alikivaa siku moja kwa mwaka, ndani ya mfuko wa shati la kaki, kwa amri. Mama alizichuma asumini jioni ya kuamkia shoo, zikiwa bado zimefumba, akazilaza juu ya kitambaa kibichi. Asubuhi zilikuwa zimefunguka zote na nyumba nzima inanukia. Akafunga kikuba, akamfuata baba mpaka mlangoni, akakitia mfukoni mwake na kukigonga kwa kiganja.

"Kikae papo hapo," alimwambia. "Tutaona yeo nani atashinda, gombe au asumini."

"Tutaona leo," baba alijibu, na alijibu hivyo kila mwaka.

Tukifika kule, mama hakuwahi kuingia banda la ng'ombe. Alikuwa na kibao chake nje, karibu na wauza maziwa, na hapo aliketi leso ameivuta juu ya pua, yakionekana macho tu, akitungojea kwa subira ya mtu aliyesafiri na wendawazimu. Mimi na baba tuliingia. Alisimama mbele ya kila ng'ombe. Aliweka mkono shingoni, akavuta pumzi ndefu, akasema nao kwa Kiduruma, ingawa wengi wao walikuwa wa kizungu, wametoka huko kwenye baridi, na sidhani walimwelewa. Uso wake hapo ulikuwa uso ambao nyumbani hatukuuona. Nilipokuwa mdogo niliona wivu kidogo.

Jioni, kabla hajalivua shati, mama alimsogelea, akainamisha pua mfukoni, akafumba macho.

"Asumini imeshinda," alitangaza.

"Mshindani wewe, hakimu wewe," baba alisema. "Nami nitashinda lini?"

"Siku asumini ikiacha kunukia."

Basi ndio ulikuwa mwisho wa shoo. Lakini baba naye alikuwa na lake. Shati hilo hakulivaa siku nyingine, na hakukubali lifuliwe mpaka msimu wa pili ukaribie. Alisema harufu ile ndiyo ya kumfikisha mwaka ujao. Mama alilia na kugomba, kisha akalitafutia sanduku dogo la peke yake, mbali na nguo za Waislamu wenzake, kama alivyosema, akalitia humo na kikuba chake mfukoni. Mwaka ukizunguka alilitoa, akakitupa kikuba kilichokauka, akalifua kwa sabuni nyingi. Nilikua nikidhani kila nyumba ina sanduku kama hilo.

Kisha ikaja ile miaka ya barakoa. Shoo haikufanyika. Sikwenda kuuona uwanja, ila niliuota mara kwa mara: mahindi hayakupandwa, kibao cha mama kimelala kifudifudi, na mlango wa banda la ng'ombe unajifungua na kujifunga. Katika miezi hiyo baba na mama waliugua pamoja, juma moja, chumba kimoja. Mama aliinuka. Baba hakuinuka. Tulimzika kwa haraka, watu wachache, tumesimama mbali mbali, na mpaka leo naona kwamba hatukumlia vizuri.

Mama akakaa eda. Mwanamke wa kwetu akiwa edani hajipambi. Hapaki wanja, hajifukizi udi, havai asumini, hajitii manukato ya aina yoyote, na wala haoni ajabu, kwani ndivyo alivyoona mamake akifanya. Asumini za juu ya paa zikachanua bila mtu. Nilikuwa nikipanda kila alasiri kuzitilia maji, nazikuta zimeanguka sakafuni, nyeupe juu ya saruji, na asubuhi zimekuwa rangi ya chai. Nikazifagia. Mama alikuwa chini, amevaa nguo zisizo na rangi, na tasbihi mkononi. Hakuuliza habari za maua, nami sikumwambia.

Eda ikaisha. Tukamwogesha, tukamvalisha, mashoga zake wakaja na utani wao wa kurushana roho kama ilivyo ada. Mmoja akamletea kikuba. Mama akakipokea, akashukuru, akakiweka kwenye sahani. Hakukivaa. Mwezi ukapita, na mwingine, hakuvaa asumini wala hakupanda juu. Majirani wakaanza kusema. Walisema, tazameni mapenzi hayo. Wengine eda ikiisha leo kesho wamejirashia nusu chupa, huyu bado amemwekea mumewe heshima. Sifa hizo zilifika Feri na kurudi. Mimi nilizipokea kwa niaba yake, nikijivuna. Nilidhani namwona mwanamke anayehuzunika kwa adabu ya zamani, na nilimpenda kwa hilo.

Tuliendelea kuamini hivyo mpaka Sikukuu ya Idi. Walikuja wageni wawili, majirani, wanawake wa heshima wenye buibui mpya. Mama akawakaribisha, akaniambia nisishughulike na udi, leo atafukiza yeye mwenyewe. Akaleta chetezo chenye makaa, akachota udi kwenye kopo lake, akatia. Ukapanda moshi mweusi. Nilikuwa natoka jikoni na sinia la halua na kahawa, na nilipoingia nilikutana na harufu ya plastiki inayoungua. Kile kipande cha udi kilikuwa bado kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni ya dukani, naye mama alikitia makaani pamoja na karatasi yake.

Na wale wageni? Adabu ya Mji wa Kale itatuua siku moja. Yule wa kwanza alipokea chetezo, akakipitisha chini ya buibui lake jipya, akajifukiza nailoni kulia na kushoto, machozi yakimtoka. Akampa mwenzake, naye akafanya vile vile. Hakuna aliyekohoa kwa sauti.

"Mashaallah," yule wa kwanza alisema, alipoweza kusema. "Udi huu umetoka wapi?"

"Makka," mama akajibu kwa furaha, ameketi katikati ya moshi ule, ametulia, anatabasamu. "Unanukia, sivyo?"

Nikamtazama uso. Hakuwa akitania, wala hakuwa akijikaza kama wao. Hakusikia kitu.

Wageni walipoondoka nilifungua madirisha yote, nikamwonyesha ile nailoni iliyoyeyuka. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniambia niketi.

"Sisikii harufu, mwanangu," alisema. "Tangu maradhi yale. Nilidhani ni eda, Mungu amenipunguzia tamaa ya asumini ili nisivunje. Nikasema, eda ikisha itarudi. Haikurudi."

"Mbona hukusema, mama?"

"Watu washanisifu." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikakatika. "Babako alikufa kando yangu, mimi na yeye kitanda kimoja. Nilimkumbatia. Wajua kitu gani? Hakuwa na harufu. Alikuwa kama mtu wa kwenye picha. Nataka nimsikie mara moja tu, basi."

Akainuka, akaenda chumbani, akarudi na lile sanduku dogo. Shati la kaki lilikuwemo, limekunjwa, kama alivyoliweka baada ya shoo ya mwisho. Hakuna aliyelifua kwa sababu hakukuwa na msimu mwingine. Akanisogezea. Aliniuliza kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu.

"Bado ipo?"

Nikainama. Ilikuwepo. Ng'ombe, na jasho la mtu mzee aliyetembea juani, na vumbi la uwanja ule. Niliilia hapo hapo, sikuweza kujizuia. Mama akafunga sanduku upesi, ili isitoke.

Daktari alisema pua yake huenda ikarudi, huenda isirudi; baadhi ya watu huwarudia baada ya miaka, na wengine ndio basi. Kuanzia siku hiyo tukawa katika mashindano ambayo mama pekee ndiye aliyeyapanga: pua yake na shati, nani atatangulia. Kila Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri alilileta sanduku, akalifungua kidogo, nami nikainama. Bado ipo? Ipo, mama. Sana? Sana. Baadaye nikaanza kusema, kiasi. Shoo ikarudi, mabango yakabandikwa tena, watu wakavuka daraja na watoto wao; nikamuuliza kama tutakwenda, akasema hana cha kufuata huko, kelele anazisikia hata akiwa nyumbani. Ijumaa zikapita. Harufu ile ilikuwa ikienda zake bila ya kuaga, na kila nilipolinusa nilihisi kuwa nami naimaliza. Nguo ni nguo. Mwaka mwingine ukaingia, na Ijumaa moja niliinama nikakaa muda mrefu, na nilipoinuka nilikwepa macho yake.

"Sema kweli," alisema.

"Sina hakika, mama. Labda. Nasikia mbao za sanduku."

Alilifunga yeye mwenyewe. Hakulia. Siku chache baadaye, nikiwa nakunja leso za mteja, alinipigia simu dukani, kitu asichopenda kukifanya, akauliza: "Shoo ni lini?"

Tulikwenda kwa tuktuk, yeye na mimi. Alivaa leso mpya ndani ya buibui, ya duka langu, aliyochagua mwenyewe na kunung'unikia bei. Kikuba hakukuwa nacho. Uwanja ulikuwa ule ule na si ule ule. Watu walijipiga picha mbele ya matrekta. Mahindi yalisimama kwa mistari, na nilipopita karibu nayo mkono wangu ulifunguka wenyewe, ukingoja kushikwa. Nilimwonyesha mama kibao chake. Kilikuwepo, au cha kufanana nacho, karibu na wauza maziwa. Akakitazama, akakipita.

"Wenda wapi?"

"Ndani," alisema. "Yeo n'taingia. Pua haina kazi, yanizuia nini? Nataka nimwone huyo gombe aliyekuwa akiangaliwa miaka yote hiyo."

Basi mamangu, mwana wa Mji, akaingia banda la ng'ombe kwa mara ya kwanza katika umri wake. Aliinua buibui kidogo juu ya vifundo na akakanyaga majani makavu kwa uangalifu, kama wa kukanyaga mkeka wa watu. Ndani kulikuwa na mwanga hafifu, mabati yanatoa joto taratibu, na migongo mikubwa imesimama safu mbili, inapumua. Kijana mmoja wa bara, koti jeupe na gambuti, alikuwa akimpiga brashi ng'ombe mweupe mwenye mabaka mekundu.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Huyu auma?"

"Hapana, mama. Mpole sana. Unaweza kumshika."

Mama alinitazama, mimi nikatazama kando, kwa sababu nilijua nikimtazama nitalia. Akanyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha tena. Akauweka shingoni, pale pale alipokuwa akiweka baba. Ng'ombe akageuza kichwa akampumulia kwenye mkono wa buibui, pumzi nzito yenye unyevu. Mama hakuruka.

"Ana joto," aliniambia, kwa mshangao kabisa. "Babako hakuniambia wana joto."

Alikaa naye muda mrefu. Hakusema naye Kiduruma, maana hakijui. Alisema naye Kimvita, kwa sauti ya chini, habari za nyumbani. Nilisikia neno sanduku. Yule kijana kwa heshima alihamia ng'ombe wa pili. Nami nilisimama, nikasikiliza bendi inayopiga mahali nisipopaona, na kwa kitambo sikujua ni shoo ya mwaka gani.

Hatimaye akasema twende. Tukageuka. Tulipokuwa tukipita mlangoni, penye lundo la majani machafu yaliyokuwa yakingoja kuzolewa, niliona mkono wake ukishika pindo la leso na kulivuta juu ya pua, kama alivyofanya kila mwaka.

Nikadhani ni mazoea. Naye nadhani alidhani hivyo, kwa kuwa alikwenda hatua mbili zaidi. Kisha akasimama.

"Mama?"

"Ngoja."

Akaishusha leso. Akaipandisha. Akaishusha tena, akaelekeza uso kwenye lile lundo, akavuta pumzi, na uso wake ukakunjana wote kwa kinyaa.

"Kwanuka," alisema.

Nikamsogelea.

"Kwanuka vibaya," alisema tena, na machozi yakaanza kumshuka, naye amekunja pua vile vile. "Ya Rabi, kwanuka."

Yule kijana alitusikia, akaja mbio na sepetu. "Samahani sana mama, tulichelewa kusafisha, naondoa sasa hivi."

"Wacha," mama alimwambia, amemshika mkono. "Wacha, mwanangu, usiondoe."

Maskini, mpaka leo sijui alikwenda kuwaambia nini wenzake kuhusu bibi wa buibui aliyesimama mbele ya kinyesi akilia na kumshukuru Mungu. Mama alikataa kununua maziwa, alikataa kupumzika, alikataa kila kitu. Tukapanda tuktuk. Alikuwa amebana mkono ule wa buibui uliopumuliwa, ameuweka karibu na uso, kama mwenye kuchukua maji viganjani na hataki yamwagike. Nilikuwa nikijua anachokiwaza, kwa sababu nilikiwaza mimi pia: pua imefika, ila shati halipo tena. Ijumaa ile ya mwisho mimi mwenyewe sikusikia ndani yake ila mbao.

Tulipanda ngazi. Nilipanda moja kwa moja mpaka juu nikachuma asumini iliyokuwa imefunguka, nikamletea. Akaisogeza puani, akatikisa kichwa. Hakusikia kitu. Akaiweka kando, akavuta sanduku, akalifungua lote, mara ya kwanza tangu Idi ile.

Alianza na mfuko. Kidole chake kikaingia kikatoka na kikuba cha shoo ya mwisho, kimekauka, chekundu kama chai, uzi umekaza vijiti. Akakinusa. Akanipa mimi.

"Nawe?"

"Hakina kitu, mama. Kimeisha."

Akalichukua shati kwa mikono miwili. Hakuliinua mara moja. Niliogopa kuliko nilivyoogopa walipokuwa wakiugua. Kisha akatia uso wake penye kola, akabaki humo, na chini kichochoroni nikasikia mtu akiuza mikate ya mofa. Niliyatazama mabega yake yakipanda na kushuka. Nilikuwa nikijitayarishia maneno ya kumpa pole.

"Yumo," alisema, kutoka ndani ya shati.

Nikapiga magoti kando yake nikainama nami. Sikusikia ila mbao. Lakini yeye alikuwa akinusa kama anayekunywa, amefumba macho, na uso ukaanza kukunjana kwa kile kinyaa chake cha miaka yote, pua juu, mdomo pembeni, uso wa kibaoni karibu na wauza maziwa. Sijawahi kumwona akiwa na furaha kama ile.

Alipoinuka, alikitwaa kile kikuba kikavu kutoka mkononi mwangu, akakigeuza geuza, akakirudisha polepole ndani ya mfuko wa kaki na kukigonga kwa kiganja.

"Haya, bwana," alimwambia. "Yeo umeshinda."